Goma–Kinshasa kwa ndege: kilomita ngapi, masaa mangapi, na sababu gani safari inarefuka

Kati ya kiwanja cha ndege cha Goma na kile cha N'djili mjini Kinshasa kuko karibu kilomita 1,560, ukipima kwa mstari wa moja kwa moja angani. Ndege kubwa ya jeti inazimaliza kwa masaa mawili na dakika kama kumi hadi ishirini. Hilo ndilo jibu fupi la swali ambalo wasikilizaji wengi wanauliza.

Lakini mtu mwenye kusafirisha mgonjwa, mwanafunzi anayeenda kuandikishwa chuoni, ao mfanyabiashara mwenye mkutano Kinshasa, hawezi kupanga safari yake kwa hesabu hiyo peke yake. Kuko saa ya Goma na saa ya Kinshasa ambazo hazilingani. Kuko ndege zinazoshuka njiani. Na tangu mwisho wa Januari 2025, wakati kiwanja cha Goma kilifungwa kwa ndege za abiria, kilomita zile zile 1,560 zimegeuka kuwa 2,300, 3,000, hata zaidi ya 4,500 kwa wale wanaozungukia nchi za jirani. Katika makala hii tunaeleza namna umbali unavyohesabiwa, muda wa kuruka, na mambo yanayokula masaa ya msafiri.

Kilomita 1,560 zinapimwa namna gani?

Umbali wa ndege haupimwi kama umbali wa gari. Gari inafuata kona, daraja na mlima. Ndege inahesabiwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, kutoka kiwanja kimoja hadi kingine.

Kiwanja cha Goma kiko kusini kidogo ya ikweta, kwenye digrii karibu 1 na nusu za kusini na digrii 29 za mashariki. N'djili iko kwenye digrii 4 na kitu za kusini na digrii 15 na nusu za mashariki. Karibu na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111. Kutoka Goma kwenda Kinshasa unavuka karibu digrii 14 kuelekea magharibi, na karibu digrii 3 tu kuelekea kusini. Ndiyo maana safari hii ni ya kufuata jua linapotua: unaacha Ziwa Kivu, unapita juu ya pori kubwa la Maniema na la katikati ya nchi, mpaka unaufikia tena mto Kongo karibu na Kinshasa.

Ndege yenyewe haifuati mstari huo sawasawa. Piloti anafuata njia za angani zilizopangwa, na anazunguka mawingu mabaya. Bonde la Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na milima ya Kivu iko ndani ya hesabu hiyo. Mchana, joto likishapanda, mawingu ya mvua yanasimama kama ukuta juu ya pori. Kuyazunguka kunaweza kuongeza makumi ya kilomita na dakika kadhaa. Abiria akiona ndege inapinda, asiogope: piloti anatafuta njia salama.

Masaa mangapi angani?

Hapa aina ya ndege ndiyo inaamua.

Jeti kama Boeing 737 ao Airbus A320 inatembea kwa kilomita karibu 830 kwa saa ikishafika juu. Ukigawa 1,560 kwa 830 unapata saa moja na dakika kama 53. Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Inapanda polepole, na inashuka polepole, basi ongeza dakika 15 hadi 20. Ukiongeza na muda wa kutembea chini kabla ya kuruka na kiisha kutua, tikiti itakuandikia masaa mawili na robo hadi mawili na nusu.

Ndege ya mapanga, kama zile za aina ya Dash 8-Q400, inaenda kwa kilomita karibu 600 kwa saa. Safari ile ile inakaribia masaa matatu.

Ndege ndogo kama Let 410, ambazo watu wa Kivu, Ituri na Maniema wanazijua vizuri, zinaenda polepole zaidi, na tanki yao haiwezi kuzifikisha Kinshasa bila kushuka njiani kujaza mafuta. Hizo ni za safari fupi za ndani ya majimbo yetu.

Ndege nyingi za Goma–Kinshasa hazikuwa zinaenda moja kwa moja kila siku. Nyingine zilipitia Kisangani. Hapa wengi wanafikiri kwamba Kisangani ni mzunguko mkubwa. Hapana. Goma–Kisangani ni karibu kilomita 495, na Kisangani–Kinshasa ni karibu 1,225. Jumla ni 1,720, yaani kilomita 160 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja. Kinachokula wakati ni eskali yenyewe: kushuka, abiria kutoka na kuingia, mafuta, bagaji, kiisha kuruka tena. Safari ya masaa mawili na robo inakuwa ya masaa matatu na nusu ao manne. Kwa hiyo ukinunua tikiti, usiulize tu bei na siku. Uliza pia: inashuka wapi, na inakaa chini muda gani?

Na upepo? Huko Ulaya na Marekani kuko upepo wa nguvu sana juu angani, ambao unaweza kufanya kwenda na kurudi kupishane kwa saa nzima. Hapa kwetu karibu na ikweta upepo wa juu si mkali hivyo. Tofauti ya kwenda na kurudi huwa ni dakika chache.

Saa ya Goma si saa ya Kinshasa

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa wanaposoma tikiti. Nchi yetu iko na saa mbili. Kinshasa, Kongo-Central, Kwango, Kwilu, Mai-Ndombe na majimbo ya Équateur ya zamani yanafuata saa ya magharibi. Majimbo mengine yote, kuanzia Kasai zote mbili mpaka Kivu, Ituri, Maniema, Tshopo, Tanganyika na Katanga ya juu, yanafuata saa ya mashariki. Saa ya mashariki inatangulia kwa saa moja kamili.

Sababu yake ni jua. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja, na kati ya Goma na Kinshasa kuko karibu digrii 14. Jua linachomoza Goma karibu saa nzima mbele ya Kinshasa. Wakati mama wa Goma ameshawasha moto wa asubuhi, huko N'djili bado giza.

Kwenye tikiti, kila saa inaandikwa kwa saa ya mahali penyewe. Angalia mfano huu wa safari ya masaa mawili na dakika 20:

Kwenda: unatoka Goma 10:00, unafika Kinshasa 11:20. Kwenye karatasi inaonekana kama saa moja na dakika 20 tu.

Kurudi: unatoka Kinshasa 10:00, unafika Goma 13:20. Kwenye karatasi inaonekana kama masaa matatu na dakika 20.

Ndege ni ile ile, na muda angani ni ule ule. Kanuni ni rahisi: ukienda Kinshasa, ongeza saa moja juu ya tofauti unayoona, ukirudi mashariki, toa saa moja. Na ndugu anayekuja kukupokea Kinshasa, umwambie saa ya Kinshasa, si ya Goma. La sivyo wewe utamngojea saa nzima bure.

Kwa wale wanaopitia nchi jirani, kuko saa ya tatu. Rwanda na Burundi ziko na saa moja na Goma na Bukavu. Uganda, Kenya, Tanzania na Ethiopia zinatangulia tena kwa saa moja. Ikiwa ni saa sita ya mchana Kinshasa, ni saa saba Goma na Kigali, na saa nane Kampala, Nairobi na Addis-Abeba. Mtu akitoka Kigali 08:00 na kuruka muda wa saa moja, anashuka Entebbe saa ya pale ikiwa 10:00. Akiwa na ndege nyingine ya 10:30, ameshachelewa kabla hata ya kutoka nyumbani.

Saa ya tikiti na saa ya Kiswahili

Shida nyingine ni ya lugha. Sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi: saa moja, saa mbili. Tikiti inahesabu kuanzia katikati ya usiku. 08:00 ni saa mbili ya asubuhi. 14:00 ni saa nane ya mchana. 02:00 ni saa nane ya usiku. Ukisikia kwa simu «saa nane», uliza tena: ya mchana ao ya usiku?

Zaidi sana angalieni ndege za usiku wa manane, ambazo kuko nyingi katika safari za kupitia nje. Tikiti ikiandika tarehe 13, saa 00:30, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku, ule usiku unaoanza tarehe 12 jioni. Kwa sisi usiku huo bado ni wa tarehe 12. Kwa kompani ya ndege tarehe 13 imeshaanza. Mtu anayekuja kiwanjani tarehe 13 jioni atakuta ndege yake imeondoka karibu siku nzima mbele.

Viwanja viwili visivyofanana

Goma na N'djili hazifanani hata kidogo, na tofauti hiyo inaingia katika safari.

Kiwanja cha Goma kiko ndani ya mji, kati ya nyumba za watu, karibu na mpaka. Kutoka katikati ya mji ni mwendo mfupi wa pikipiki. Kiko juu sana, karibu mita 1,550 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na bawa la ndege linahitaji hewa ili libebe. Ndege ikiwa mahali pa juu inapaswa kukimbia zaidi kwenye pisti kabla ya kuruka, ao ibebe uzito mdogo. Ndiyo sababu moja ya bagaji kubaki nyuma siku nyingine: joto likizidi na ndege ikijaa, piloti hana ruhusa ya kuvuka uzito uliowekwa.

Tena pisti ya Goma imeteswa na Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002, lava ilishuka mpaka ndani ya mji, ikafika ziwani, na ikafunika sehemu ya kaskazini ya pisti, karibu theluthi moja. Kwa miaka mingi ndege zilifanya kazi kwenye kipande kilichobaki. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Mara hiyo lava ilisimama pembeni ya mji kabla ya kufika kiwanjani, lakini ndege zilisimama kwa muda juu ya majivu na matetemeko.

Watu wa Birere na Mapendo wanajua vizuri maana ya pisti fupi yenye nyumba mwishoni. Tarehe 15 Aprili 2008 jeti iliyokuwa inaruka ilishindwa kupanda ikaingia katika mtaa wa soko. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa inaenda Beni ilianguka juu ya nyumba muda mfupi kiisha kuruka. Mara zote mbili kulikuwa wafu ndani ya ndege na chini kati ya wakaaji. Kwa hiyo agenti akikataa kilo zako za ziada, kumbuka kwamba uzito si jambo la pesa tu.

N'djili iko chini, karibu mita 310 tu kutoka usawa wa bahari, na pisti yake ni ndefu. Ndege inaruka pale bila taabu. Taabu ya N'djili iko nje ya uzio. Kiwanja kiko karibu kilomita 25 kutoka Gombe, katikati ya Kinshasa, na njia ni moja kubwa: boulevard Lumumba. Magari yakifungana, kilomita hizo 25 zinaweza kuchukua masaa mawili na zaidi. Yaani unaweza kukaa ndani ya taksi muda sawa na ule uliokaa ndani ya ndege kuvuka nchi nzima.

Kinshasa iko pia na kiwanja cha pili, Ndolo, kidogo zaidi, ndani ya mji, kwa ndege ndogo. Kwenye tikiti soma herufi tatu: FIH ni N'djili, NLO ni Ndolo. Goma ni GOM, Bukavu-Kavumu ni BKY, Kisangani ni FKI, Bunia ni BUX, Beni ni BNC, Kindu ni KND, Kalemie ni FMI, Lubumbashi ni FBM. Herufi hizo tatu zinabandikwa pia juu ya bagaji yako. Kabla mzigo haujaenda, angalia kama zinaonyesha mahali unapoenda.

Barabara na mto: sababu gani ndege si starehe

Huko nchi nyingine mtu anachagua: ndege, treni, basi ao gari. Kati ya Goma na Kinshasa uchaguzi huo haupo. Hakuna barabara nzuri inayounganisha mashariki na mji mkuu bila kukatika.

Njia inayojulikana ya chini ni kwenda kwanza Kisangani kupitia Butembo, Beni, Komanda, Mambasa na Nia-Nia, zaidi ya kilomita 1,000, katika sehemu ambazo usalama wake unabadilika kila wiki. Kutoka Kisangani unaingia mtoni. Kwa maji, Kisangani–Kinshasa ni kilomita 1,734, kwa sababu mto unapanda kaskazini kwanza, unazunguka kama upinde, kiisha unateremka. Jumla inapita kilomita 2,700. Mtoni watu wanahesabu majuma, si masaa: majuma mawili, matatu, mara nyingine mwezi na zaidi, ikitegemea mashine, michanga na maji.

Weka hesabu hizo mbili pamoja: masaa mawili na robo, ao mwezi mmoja. Ndiyo maana tunasema ndege hapa si kitu cha matajiri wenye kutafuta starehe. Dawa, karatasi za mitihani, pesa za benki, samaki, simu, wagonjwa na maiti, vyote vinapita angani. Kiwanja kikifungwa, nchi inakatika vipande viwili.

Hali hiyo inaeleza pia sehemu ya bei. Mahali ambapo hakuna basi wala treni ya kushindana, kompani chache zinajaza viti vyake hata bei ikipanda. Ongeza mafuta ya ndege, ambayo mashariki yanatoka mbali kwa malori kupitia Afrika Mashariki, na taksi za kiwanja. Kati ya hizo kuko Go-Pass, ambayo ilianzishwa mwaka 2009 kwa dola 10 safari za ndani na dola 50 safari za nje. Uliza kiasi cha leo kwenye ofisi ya RVA, ndiyo Régie des voies aériennes inayosimamia viwanja, na usitoe pesa bila karatasi.

Tangu Januari 2025: umbali haukubadilika, njia ndiyo ilibadilika

Mwisho wa Januari 2025 mapigano yalifika mjini Goma, M23 ikauchukua mji, na ndege za abiria zikasimama. Katikati ya Februari kiwanja cha Kavumu, kinachotumikia Bukavu, nacho kikaingia katika hali hiyo hiyo. Mwezi huo wa Februari serikali ya Kinshasa ilikataza pia ndege zilizoandikishwa Rwanda kupita juu ya nchi. Kwa hiyo hata Kigali, ambayo iko karibu, haikuwa mlango wa moja kwa moja wa kwenda Kinshasa kwa ndege za nchi hiyo.

Tangu hapo mkaaji wa Goma mwenye kwenda Kinshasa alibaki na mizunguko. Tuihesabu.

Kupitia Entebbe: Goma–Kigali kwa barabara, karibu kilomita 155, masaa matatu hadi manne ukiongeza mpaka. Kigali–Entebbe kwa ndege, karibu 340. Entebbe–Kinshasa, karibu 1,950. Kwa ndege peke yake ni kama kilomita 2,290.

Kupitia Nairobi: Kigali–Nairobi karibu 760, Nairobi–Kinshasa karibu 2,410. Jumla ni kama 3,170, mara mbili ya njia ya kawaida.

Kupitia Addis-Abeba: Kigali–Addis karibu 1,550, Addis–Kinshasa karibu 2,980. Jumla ni kama 4,530, karibu mara tatu. Abiria anapanda mbali kaskazini-mashariki, akimpa Kinshasa mgongo, ili apate ndege ya kumrudisha katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe.

Kupitia Beni: wengine wanaenda kutafuta ndege katika kiwanja cha Mavivi, ambacho kiko karibu kilomita 1,650 kutoka N'djili. Angani, Goma–Mavivi ni kama kilomita 250 tu. Lakini chini, kwa sababu ya mstari wa vita, wengi wanapita Bunagana, wanaingia Uganda, wanapanda mpaka Kasese na kurudi Kongo kwa Kasindi. Inaweza kuwa siku mbili za barabara ili kufikia mahali ambapo ndege ndogo ilikuwa inafika kwa saa moja hivi.

Mizunguko hiyo haiongezi kilomita tu. Inageuza safari ya ndani kuwa safari ya nje. Kwa Goma–Kinshasa, karte ya mchaguzi ilitosha. Kwa Nairobi ao Addis unahitaji pasipoti, karte ya chanjo ya homa ya manjano, na Go-Pass ya nje wakati wa kurudi kutoka Kinshasa. Mtu asiye na pasipoti, hata akiwa na pesa ya tikiti, anabaki. Na mgonjwa aliyepaswa kufika hospitali ya Kinshasa siku hiyo hiyo anapita mipaka miwili ao mitatu akiwa na maumivu yake.

Umbali kutoka miji mingine ya mashariki hadi N'djili

Kwa wasikilizaji wa majimbo mengine, hizi ni kilomita za angani, kwa kukadiria, na muda wa jeti isiyoshuka njiani:

Kindu: karibu 1,175, saa moja na dakika 40 hivi.
Kisangani: karibu 1,225, saa moja na dakika 45.
Bukavu-Kavumu: karibu 1,500, masaa mawili na dakika 5 hadi 10.
Kalemie: karibu 1,540, masaa mawili na dakika 10.
Lubumbashi: karibu 1,550, masaa mawili na dakika 10.
Goma: karibu 1,560, masaa mawili na dakika 10 hadi 20.
Beni-Mavivi: karibu 1,650, masaa mawili na dakika 20.
Bunia: karibu 1,770, masaa mawili na nusu hivi.

Ona kwamba Lubumbashi na Goma ziko karibu sawa na Kinshasa, hata kama moja iko kusini kabisa na nyingine karibu na ikweta. Na ona Bunia: ni mbali kuliko zote katika orodha hii. Viwanja vingine havipokei jeti kubwa. Kwa ndege ya mapanga ongeza nusu saa hadi dakika 50.

Kwa safari fupi hesabu inabadilika. Goma–Kavumu ni karibu kilomita 85 tu angani, dakika kama 20. Kwa barabara ya Sake, Minova na Kalehe ni karibu 200 na siku nzima. Lakini boti ya mwendo wa kasi inavuka ziwa kwa masaa kama matatu, na inafika ndani ya mji wa Bukavu, wakati Kavumu iko karibu kilomita 30 nje yake. Ukiongeza kungojea na kontrole, boti inaweza kukufikisha mbele ya ndege.

Namna ya kuhesabu siku yako ya safari

Usihesabu ndege peke yake. Andika kwenye karatasi vitu vitano, kiisha ujumlishe.

Kwanza, njia ya kwenda kiwanjani, pamoja na mvua na magari. Pili, masaa mawili ya kuandikisha na kontrole kwa safari ya ndani, matatu kwa ya nje. Tatu, muda wa angani pamoja na eskali zote. Nne, kungojea bagaji, na njia ya kutoka kiwanjani. Kwa N'djili weka masaa mawili. Tano, tofauti ya saa.

Kwa Goma–Kinshasa moja kwa moja, masaa mawili na robo ya angani yanakuwa masaa saba ao manane kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba. Kwa kupitia nje, panga siku mbili. Mwenye mtihani, kesi ao miadi ya daktari asisafiri siku ile ile. Ukumbuke pia kwamba viwanja vingi vidogo vya mashariki havina taa za usiku: ndege ikichelewa mpaka jua linakaribia kutua, safari inaweza kusukumwa hadi kesho.

Kabla ya kulipa, ajansi ikujibu haya: ndege ya aina gani, inashuka wapi, kiwanja gani cha Kinshasa, kilo ngapi za bagaji, na tikiti inafanywa nini safari ikifutwa. Ujue tena kwamba kwa miaka mingi kompani zote zilizoandikishwa Kongo ziko kwenye orodha ya Ulaya ya zile zisizoruhusiwa kuruka kule, juu ya mashaka kuhusu uchunguzi wa usalama. Hiyo haisemi kwamba kila ndege ni mbaya. Inasema kwamba msafiri ana haki ya kuuliza, na ya kukataa kupanda ndege anayoiona imejazwa kupita kiasi.

Kwa kifupi

Goma–Kinshasa: kilomita karibu 1,560, masaa mawili na robo kwa jeti, saa moja ya tofauti. Hesabu hiyo ilikuwa ile ile jana, na itakuwa ile ile kesho. Kinachobadilika ni mlango ulio wazi na ule uliofungwa, na kila mlango unaofungwa unalipwa na msafiri: kwa kilomita, kwa dola, kwa siku, na mara nyingine kwa afya. Kabla ya kununua tikiti, hakikisha kwanza hali ya kiwanja unachotaka kutumia, kwa simu ao kwa kufika, kisha ndipo utoe pesa.